Kisu kutoka Kasapa kwenda ng'ambo: kinakwama wapi, na kwa nini

Mtu wa Kasapa, hapa Lubumbashi, akitaka kumtumia ndugu yake wa Brussels kitambaa, kitabu au picha ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, anajua pa kuanzia. Akitaka kumtumia kisu, anaanza kuzungushwa. Ofisi moja ya usafirishaji mjini inaweza kumwambia kwamba kisu ni silaha na hakipandi ndege. Nyingine itauliza kama ni cha jikoni. Wakala wa forodha atauliza kina umri gani. Rafiki anayesafiri wiki ijayo atasema akilete tu, kitakaa katikati ya nguo sandukuni. Hayo ni majibu manne, na kila anayejibu anaongea kwa uhakika.

Wote wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Hakuna katazo moja la dunia nzima linalozuia visu kusafiri. Kuna milango kadhaa iliyofuatana, kila mlango unatazama jambo tofauti katika kisu kilekile, na mara nyingi sifa inayokifungulia mlango wa kwanza ndiyo inayokifungia wa pili. Anayetuma hana mahali popote Lubumbashi ambapo ataelezwa mpangilio huo mzima kwa pamoja.

Visu vinavyohusika

Kisu cha kawaida cha jikoni si tatizo kubwa, kwani Brussels na Johannesburg vinauzwa kila kona na hakuna haja ya kuvilipia ndege. Mupanga wa shamba nao hutumwa kwa nadra. Vinavyotafutwa na Wakongo walio mbali, na wageni waliowahi kufanya kazi migodini, ni vya aina mbili. Kuna kazi mpya za mafundi, kama visu vidogo vya shaba vya kufungulia barua au nakala za visu vya machifu. Na kuna visu vya heshima vyenyewe, vya Waluba, Wasongye, Watetela na Wakuba: bapa pana mfano wa jani, makali pande mbili, mpini uliozungushiwa waya wa shaba au ngozi ya kenge.

Aina hii ya pili ina historia ambayo haifanani kabisa na picha ya silaha. Mapokeo ya Wakuba aliyoyaandika Emil Torday mwanzoni mwa karne ya 20 yanasimulia kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong aliondoa kisu cha kurusha cha vita na kuweka badala yake ikul, kisu cha amani. Sanamu za wafalme hao, ndop, huwaonyesha wameketi kwa utulivu wakiwa na ikul mkononi. Huku kwetu, kwenye makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Uchunguzi wa bonde hilo ulifunua vyuma vilivyozikwa pamoja na wenyewe, vikiwemo visu na shoka za heshima zenye mipini iliyopambwa kwa misumari, vya karibu miaka elfu moja iliyopita na zaidi. Chuma chenye makali kuwa alama ya mamlaka na utulivu wa nchi ni urithi wa zamani sana Katanga. Mashine ya eksirei haisomi urithi. Inaonyesha bapa, ncha na makali, na anayeitazama ana sekunde chache tu za kuamua.

Katazo ambalo halipo

Tuanze na lile linaloaminika zaidi, kwamba kisu hakiruhusiwi ndani ya ndege. Imani hiyo ilikita mizizi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wasafiri walipoanza kunyang'anywa hata mikasi midogo kwenye ukaguzi. Lakini katazo lile ni la kabini, pale abiria wanapoketi. Chini, kwenye shehena, kisu hakijawahi kuwa bidhaa ya hatari. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zina makundi 9 ya bidhaa za hatari: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyoshika moto, sumu, vitu vya mnunurisho na kadhalika. Kisu hakimo katika hata kundi moja. Betri ya simu imo.

Kwa upande wa posta ni hivyohivyo. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unakataza vitu ambavyo kwa asili yake au kwa jinsi vilivyofungwa vinaweza kuwadhuru wafanyakazi na watu wengine. Kisu kilichofunikwa makali, kikafungwa barabara kwenye kadibodi ngumu, kinatimiza masharti hayo. Kinachobaki ni orodha ya kila nchi, na kila nchi ina yake.

Hapa ndipo Lubumbashi inapoanza kuumia kuliko miji mingine ya eneo hili. Posta ya taifa, SCPT, imedhoofika kiasi kwamba kwa koli ya kwenda ng'ambo watu wengi hawaifikirii kabisa, ingawa jengo lake ndilo linalotambulisha katikati ya mji. Posta ina wajibu wa kuhudumia kila mtu na hujibu kwa kanuni zilizochapishwa. Kampuni binafsi inaongozwa na mkataba wake, na katika mkataba huo ina haki ya kufungua kifurushi na haki ya kukikataa. Kwa hiyo mtu anayeambiwa mjini kwamba sheria hairuhusu, mara nyingi amekutana na sera ya kampuni iliyovikwa jina la sheria. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu sera unaweza kuizungumzia na kuomba ibadilishwe.

Kwa nini kampuni zinaogopa

Zina sababu, na ni haki kuzieleza kwa ukamilifu. Kifurushi kinachoondoka uwanja wa ndege wa Luano hakiendi moja kwa moja. Kinapita Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, kisha pengine kituo kingine kikubwa, ndipo kifike. Kila kituo kina sheria zake na askari wake wa forodha, na kampuni inalazimika kupanga kwa kufuata kituo kilicho kikali kuliko vyote.

Sababu ya pili ilizaliwa Oktoba 2010, mabomu yaliyofichwa ndani ya katriji za printa yalipotumwa kutoka Yemen kama vifurushi vya kawaida na kugunduliwa Dubai na Uingereza. Tangu hapo mizigo ya ndege kutoka nje ya Ulaya hukaguliwa kwa ukali zaidi kabla ya kupakiwa. Umbo lolote la kutilia shaka husimamisha kifurushi, na kukisimamisha kunagharimu muda, simu na karatasi zinazoweza kuzidi ada aliyolipa mteja.

Ya tatu ni maelezo yanayotangulia mzigo. Umoja wa Ulaya, kupitia mfumo wa ICS2 ulioanza na posta na vifurushi vya haraka mwaka 2021, unataka kujua kilichomo kabla hakijapakiwa, kwa maneno yanayoeleweka na kwa tarakimu 6 za forodha. Kuandika "zawadi" au "mapambo" hakutoshi. Na katika tarakimu hizo ndipo kisu cha heshima kinapowachanganya hata wataalamu. Visu vya kukatia viko chini ya 8211. Mapanga ya shamba yako 8201 pamoja na shoka na majembe. Sime, singe na mikuki, yaani silaha za makali, ni 9307. Vitu vya makusanyo vyenye thamani ya kiethnografia ni 9705, na vya kale vilivyozidi miaka 100 ni 9706. Kisu cha Kisongye cha sentimita 50 kinaweza kutetewa katika nne kati ya hizo. Mtumaji akiandika 9307, anatangaza silaha. Akiandika 9706, anaalika maswali ya urithi wa taifa. Akiandika 8211 kwa kitu ambacho dhahiri hakikatii nyama, anaweza kushtakiwa kwa tamko la uongo. Karani wa kaunta, ambaye mshahara wake hauongezeki hata faranga moja kwa kukubali kifurushi kigumu, anasema hapana. Mtu yeyote katika kiti chake angesema hivyo.

Bei nayo inachangia, ingawa haizungumzwi sana. Kampuni nyingi hupima ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, unapata kilo za kulipia. Kisu chenye uzito wa kilo moja, kikiwekwa kwenye boksi la sentimita 70 kwa 20 kwa 15 ili kisichomoze, kinalipiwa kilo 4.2. Wengi wanakata tamaa hapo kabla hata ya suala la sheria kufika.

Mlango wa mwisho: anapoishi mpokeaji

Sheria za nchi zinazopokea zimekuwa zikibadilika upesi, hasa Uingereza. Sheria ya mwaka 2019 ilibana upelekaji wa bidhaa zenye makali zilizonunuliwa kwa mbali hadi mlangoni kwa mtu, mpaka umri wake uthibitishwe. Septemba 24, 2024, England na Wales zilipiga marufuku visu na mapanga ya mtindo wa "zombi": bapa lililozidi inchi 8, ncha kali, pamoja na alama nyingine kama meno au matundu. Mupanga wa kawaida wa kulimia hauingii katika maelezo hayo. Hata hivyo, ukiambatana na hofu ya mitaani, mpaka wa sheria hupotea na kila panga huonekana sawa.

Australia inaangalia jambo lingine: kisu chenye ncha na makali pande mbili kinahesabiwa jambia, na hakiingii bila ruhusa ya polisi. Visu vingi vya heshima vya Kongo vina makali pande mbili, kwa hiyo vinaweza kuangukia hapo, hata kama havijawahi kumkata mtu. Marekani haina tatizo kubwa na kisu kisichokunjika; sheria yake ya mwaka 1958 inalenga vile vinavyofyatuka kwa kitufe. Lakini tangu Agosti 29, 2025, msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya bei ndogo umeondolewa kwa nchi zote, kwa hiyo kila koli ya biashara inahitaji tamko na malipo. Ubelgiji, ambako Wakongo wengi wanaishi na Matonge ya Ixelles ni kama mtaa wetu wa pili, inakataza visu vya kufyatuka, vya kipepeo na vilivyojificha ndani ya vitu vingine. Kisu cha mapambo cha kuweka ukutani hakimo humo.

Anayetuma kutoka Kasapa akumbuke jambo moja hapa: kisu kikikamatwa upande ule, anayeitwa na polisi ni mpokeaji.

Umri unaofungua na kufunga

Hili ndilo fundo la suala lote. Uingereza inasamehe silaha za makali zilizozidi miaka 100, kwa kuzihesabu vitu vya kale. Forodha ya Ulaya haitozi ushuru kwa vitu vya kale vya namna hiyo. Kwa hiyo, kwenye mlango wa kuingilia, kisu kikiwa kizee kinapata nafuu.

Kwenye mlango wa kutokea ni kinyume. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, ordonansi-sheria namba 71-016 ya Machi 15, 1971, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya kuundwa taasisi ya makumbusho ya taifa. Kitu cha kale hakitoki bila idhini. Na Ulaya yenyewe, kwa kanuni ya 2019/880 iliyoanza kutumika kikamilifu Juni 28, 2025, sasa inadai leseni ya kuingiza vitu vya kiakiolojia vilivyozidi miaka 250, na tamko la mwagizaji kwa vitu vingine vilivyozidi miaka 200 vyenye thamani ya kuanzia yuro 18,000. Chuma kilichochimbwa Sanga hakina njia halali ya kutoka ndani ya boksi la kadibodi, na ni vizuri kwamba hakina.

Matokeo yake ni uongo wa pande mbili. Muuzaji anakizeesha kisu kipya kwa moshi na udongo ili kionekane cha babu na kuuzwa ghali. Msafirishaji anakiita kisu cha babu "kazi mpya ya mikono" ili kipite forodhani. Forodha ikishaona uongo wa namna zote mbili, haimwamini tena hata fundi mkweli.

Mpini una kesi yake yenyewe. Pembe ya ndovu, ngozi ya chatu na ya kenge zinasimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 1976. Kisu kinaweza kukubaliwa na kampuni, makumbusho na polisi wa nchi ya mbali, kisha kikanyang'anywa kwa sababu ya sentimita 10 za ngozi. Watumaji wengi hawaufikirii mlango huu mpaka umewafungia.

Misimamo inayopingana

Wa kwanza ni wa kampuni: kataa kila chenye makali. Nguvu yake ni urahisi. Karani hahitaji kujua tofauti ya ikul na singe, wafanyakazi hawakatwi vidole, na ndege haichelewi. Udhaifu wake ni kwamba haupunguzi visu vinavyosafiri, unavihamisha tu. Visu vinaingia kwenye masanduku ya wasafiri, kwenye mizigo ya pamoja inayovuka mpaka wa Kasumbalesa kuelekea kusini, au kwenye maboksi yaliyoandikwa kitu kingine. Huko hakuna anayekagua umri wala ngozi ya mpini.

Wa pili ni wa walinzi wa urithi: chochote kinachofanana na kitu cha kale kisitoke bila karatasi. Historia inawaunga mkono. Kati ya 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ilirudisha Zaire vitu 114, na baadhi yake viliibwa baadaye wakati wa misukosuko ya miaka ya 1990, vikaishia tena sokoni. Serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo mwaka 2022 orodha ya vitu takribani 84,000 vilivyoko Tervuren. Nchi inayodai urithi wake urudi haiwezi kuuachia mwingine uondoke kwa vifurushi. Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye utekelezaji: karatasi inategemea ofisi zilizo mbali, zenye watumishi wachache, na fundi wa kazi mpya anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba kazi aliyoimaliza juzi si ya karne ya 19.

Wa tatu ni wa mafundi na familia: kisu ni kazi ya mikono na kumbukumbu, kiachwe kipite. Wana haki kwa sehemu kubwa. Katika mji unaoishi kwa shaba inayoondoka ikiwa ghafi, fundi anayeipa shaba hiyo sura na thamani angepaswa kusaidiwa kuuza nje. Lakini msimamo huu unasahau mpokeaji na sheria zake, na hauna jibu kwa vile vya kale.

Wa nne, wa kubeba kwa mkono, hautetewi hadharani ila ndio unaofanya kazi kila siku. Ni wa bei nafuu, na kisheria kisu kwenye sanduku la shehena kinaruhusiwa na mashirika mengi ya ndege. Hatari ni kwamba msafiri ndiye anayetamka mzigo kuwa wake. Akiulizwa kuhusu ngozi au umri wa kitu cha mtu mwingine, hana la kujibu.

Kuupima mzigo

Kwa visu vya kale, msimamo wa walinzi wa urithi unashinda, na unashinda kwa mbali. Usumbufu wa familia moja ni mdogo ukilinganishwa na kitu ambacho kikishatoka hakirudi ila kwa miaka ya madai. Kwa kazi mpya, msimamo wa kampuni hauna msingi wa kutosha. Hauongezi usalama, maana shehena inaruhusu visu, na unamnyima fundi soko kwa sababu tu karani hana chombo cha kutofautisha.

Chombo hicho kinaweza kutengenezwa hapahapa. Fundi agonge jina lake na mwaka kwenye bapa, ndani ya chuma chenyewe na si kwa rangi. Alama hiyo inaua uongo wa pande zote mbili kwa pigo moja: kisu hakiwezi kuuzwa kama cha babu, wala cha babu hakiwezi kupitishwa kama kipya, kwa kuwa hakina alama. Bapa la mapambo liachwe bila kunolewa. Mpini ufungwe waya au ngozi ya mbuzi. Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi, pamoja na forodha ya taifa, DGDA, wakubaliane juu ya karatasi moja ya kazi mpya, yenye picha ya kisu na alama yake, itolewe mjini bila kungoja Kinshasa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kampasi yake iko Kasapa kwenyewe, kina wanahistoria na wanaanthropolojia wanaoweza kuwafundisha makarani kutambua vitu kwa mafunzo mafupi. Na kampuni ziandike sababu kila zinapokataa: sera yetu, sheria ya nchi ya kati, au sheria ya nchi ya mpokeaji. Mteja akijua ni mlango upi umefungwa, atajua kama kuna njia nyingine halali, kwa mfano kupitia wakala wa forodha kama shehena ya kawaida, ambayo huchukua siku nyingi zaidi lakini inatoa nafasi ya kueleza.

Anayetuma leo, kabla hayo hayajafanyika, aanze kwa kumtaka mpokeaji aulize forodha ya kwao kwa maandishi, akiambatanisha picha, urefu wa bapa na maelezo ya mpini. Jibu hilo lichapishwe na kuwekwa ndani ya kifurushi. Tamko liandikwe kwa ukweli: kisu cha mapambo, kazi ya mikono, mwaka fulani, shaba na chuma, hakijanolewa.

Aliyerithi kisu cha babu yake na hajui umri wake asikipeleke kwanza kwenye kaunta ya usafirishaji. Akipeleke makumbusho kitazamwe, kipimwe na kupigwa picha, na ndugu wa Brussels atumiwe picha hizo pamoja na maelezo ya kisu kilitumiwa na nani, wapi, na katika sherehe gani.